Nyumba ya Mama Kwenye Bango

Gundi ya unga wa muhogo ukiipika vizuri haibanduki. Najua kwa sababu niliipika mwenyewe, sufuria baada ya sufuria, kwenye jiko la makaa nje ya chumba changu cha kupanga Suna, mjini Migori, na kila nilipoijaribu kwa kidole nilijisifu jinsi ilivyonata. Gundi ya dukani sikuimudu. Ningeweza kutumia unga wa ngano kama wenzangu wanaobandika matangazo ya mikutano ya maombi, lakini nikasema hapana, ya ngano mvua moja tu imekwisha. Nikapika ya muhogo. Kiherehere hicho ndicho kilichoniponza, maana siku ya kuyabandua yale mabango ilipofika, yalikataa.

Mabango yalikuwa ya tovuti yangu. Nilikuwa nimefungua tovuti ya kutangaza mashamba, viwanja na nyumba za kuuza na za kupangisha, Migori na Homa Bay, na nilikuwa nikiamini kwa moyo wote kwamba hiyo ndiyo ingenitoa pale nilipokuwa. Pale nilipokuwa ni meza moja ndani ya duka la fotokopi mjini. Meza yenyewe ilikuwa imebanwa kati ya mashine na ukuta, na ili niifikie ilibidi nipite kiubavu nikiwa nimeshika pumzi. Wateja wa fotokopi wakijaa, sikuweza kutoka hadi waishe. Nilijifunza kutokunywa chai asubuhi.

Lakini tovuti ilikuwa njia tu. Nilichokitaka hasa ni nyumba ya vyumba viwili kwenye kona ya shamba la mama.

Kwetu ni upande wa Asumbi, ukishapita misheni. Baba alifariki akamwacha mama na mabinti watatu, bila mtoto wa kiume. Dada zangu wawili wameolewa na wametulia. Mimi niliolewa, ikashindikana, nikarudi na begi moja. Mjaluo yeyote anajua maana yake. Binti aliyerudi anakaribishwa, anapewa chakula, analala kwa mama, lakini hasimamishi nguzo yake ndani ya boma la baba yake. Sheria siku hizi inasema vingine, kwamba binti ana haki sawa na mwana, na mama alilisikia hilo redioni akalishika. Siku moja alinichukua hadi kwenye kona ya shamba inayopakana na barabara, akapanga mawe manne chini, moja kila pembe, akaniambia, "Hapa ni pako, nyara. Ukipata mabati, jenga nikiwa bado hai, nione." Nyara ni binti yangu, na huniita hivyo akiwa na furaha. Alichagua kona ya barabarani kwa makusudi, ili nikijenga niweze kufungua kibanda cha biashara upande wa mbele.

Aliyepinga ni baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye boma lake na letu vinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Hati ya shamba mpaka leo ina jina la babu, ambaye alishafariki zamani, kwa hiyo bila baba mdogo hakuna linalokwenda. Si mtu wa kelele. Alisema tu, mimi na mama tukiwa tumekaa mbele yake, "Binti ukimpa ardhi atauza. Hana atakayemwachia." Nilikasirika. Mama akamjibu, "Huyu hauzi." Baba mdogo akasema sawa, tutaona. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiishi ndani ya hiyo "tutaona" yake, na kila nilichofanya nilikifanya nikijua kuna mtu anangoja nikosee.

Tovuti nilitengenezewa na mwanamke niliyesoma naye shule ya bweni, ambaye siku hizi anafanya kazi hizo Homa Bay mjini. Alinipunguzia bei kwa ajili ya urafiki wetu, na kwa ajili ya urafiki huohuo sikuweza kumsumbua sana. Alipomaliza alinitumia kiungo. Nikafungua kwenye simu, nikaona jina la biashara yangu juu, kisanduku cha kutafutia, na chini yake weupe mtupu.

"Sasa jaza," akaniambia.

Nilidhani kujaza ni kazi rahisi. Ardhi inauzwa Migori kila siku ya Mungu. Lakini inauzwa mdomoni. Madalali wetu, ambao wote hujiita mabroka, hukaa kwenye hoteli za chai karibu na ofisi za ardhi, na kila mmoja ana viwanja vyake kichwani. Hakuonyeshi kiwanja kabla hujatoa ya mafuta ya pikipiki, na hata ukishaonyeshwa huambiwi mwenyewe ni nani. Nilimfuata mmoja wao, mzee wa kofia ambaye watu walisema ndiye mwenye viwanja vingi, nikamweleza habari ya picha.

"Unataka kuweka ploti yangu kwa mtandao?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee. Hata mtu wa Nairobi aione."

"Na akiiona?"

"Atapiga simu."

"Atapiga, ama atakuja tu pole pole aulize majirani mwenye ploti ni nani? Madam, hiyo si kunisaidia. Hiyo ni kuniua mchana, watu wakiona."

Wenzake wakacheka, na mmoja akaniuliza kama mimi mwenyewe sikuwa nikitafuta ploti, kwa sababu alikuwa nayo moja safi sana. Niliondoka nikiwa nimewachukia wote.

Wenye ardhi nao waliogopa. Mtu shamba lake likionekana linapigwa picha, kabla jua halijatua ndugu zake wote wameshajua, mpaka walio Mombasa. Mama mmoja wa Suna aliyetaka kuuza nyumba yake kimyakimya alinipa chai vizuri kabisa, halafu nilipotoa simu mfukoni akaniambia nipige ya jirani, zinafanana. Wiki zikapita. Tovuti ilikuwa imeshalipiwa, na kila siku iliyopita ilikuwa inakula muda wake ikiwa tupu. Nilikuwa nikiifungua asubuhi pale kwenye meza yangu, mashine ya fotokopi ikinipulizia joto mguuni, naangalia ule weupe.

Nilimpigia rafiki yangu kumlalamikia.

"Weka za mfano," akasema. "Kila mtu huanza hivyo. Piga picha ya nyumba yoyote nzuri, andika mfano, watu waone vile tovuti inafanya kazi."

"Nyumba ya nani?"

"Si hata yenu? Ile ya mamako ni poa. Ina paa ya green, iko na maua."

Kweli nyumba ya mama ni nzuri. Baba aliijenga kwa pensheni yake yote, ya matofali, akaipaka rangi ya maziwa na kuiezeka mabati ya kijani, na mama amepanda maua mekundu mbele ya baraza. Nilikwenda Jumapili asubuhi mama akiwa misani. Sikumwambia. Nilijiambia sikutaka kumsumbua, lakini ukweli ni kwamba nilijua angekataa.

Kuna tatizo moja tu katika kuipiga picha nyumba ile. Kaburi la baba liko mbele yake, upande wa kulia, kama inavyostahili, limesakafiwa kwa simenti na lina msalaba. Ukisimama langoni linaingia kwenye picha, na hakuna mnunuzi anayetaka kununua kaburi la watu. Kwa hiyo nilisogea, nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka kisigino kikagusa simenti. Nikapiga picha nikiwa nimempa baba mgongo. Ikatoka vizuri sana, isipokuwa kivuli cha msalaba kilionekana kidogo pale chini, kwenye nyasi. Nilikiona nilipofika Suna. Nikasema nani atakiangalia.

Kwenye tovuti niliandika chini yake kwa herufi ndogo kwamba ni picha ya mfano. Hilo nililifanya. Lakini tovuti haikuwa na anayeiangalia, na ndiyo maana nikafikiria mabango. Pesa zilizobaki zilitosha kuchapisha bango la aina moja tu, la picha moja. Nikachagua nyumba ya mama. Juu nikaandika NYUMBA NA MASHAMBA, MIGORI NA HOMA BAY, chini nikaweka anwani ya tovuti na namba yangu ya simu. Mchapishaji aliniuliza kama kuna maneno mengine ya kuongeza. Nililifikiria lile neno "mfano", nikaona litalipunguzia bango nguvu. Nikamwambia hapana, ni hayo tu.

Nikapika gundi yangu. Nilibandika Suna, nikabandika Migori sokoni na stendi, nikabandika Rongo, nikabandika Rodi, nikafika Homa Bay nikabandika mpaka karibu na soko la samaki. Milango ya vinu vya kusagia, nguzo za stima, kuta za vyoo vya sokoni, popote palipokuwa tambarare. Asumbi sikubandika hata moja. Ninaposema sikujua ninachokifanya, hapo ndipo ninaponaswa, kwa sababu nilijua vya kutosha kuiacha Asumbi. Nilichosahau ni kwamba watu wa Asumbi wana miguu, na siku za soko huenda Homa Bay.

Simu zikaanza siku ya pili. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa furaha yangu. Nilikuwa nimeganda pale kati ya mashine na ukuta na simu inanililia mkononi, watu wanataka nyumba. Mchimba dhahabu wa Osiri aliyekuwa amepata riziki yake mgodini alitaka nyumba ya paa la kijani, hiyohiyo, si nyingine. Mwalimu mstaafu aliitaka. Mfanyabiashara wa mabomba na saruji pale mjini, Mwislamu aliyehamia Migori kutoka kaskazini, aliitaka pia, na yeye peke yake ndiye aliyeiangalia picha vizuri.

"Madam, hiki kivuli hapa chini ni cha nini?"

"Cha nguzo ya stima."

"Stima fupi hivyo," akasema, lakini kwa upole, akakata simu.

Mwanzoni niliwaambia ukweli, kwamba ile ni picha ya mfano. Walikata hata kabla sijamaliza sentensi. Wengine walinitukana kwamba mimi ni tapeli kama wale wengine. Kisha siku moja ulimi ukaniteleza, nikamwambia mmoja, "Hiyo ishauzwa, lakini naweza kukutafutia nyingine," na yule mtu hakukata. Aliniachia jina, akanieleza anachokitafuta, akasema nimkumbuke. Ikawa ndiyo dawa. Kitu kikishauzwa, watu wanaamini kilikuwepo. Nikaanza kuwajibu wote hivyo, na baada ya wiki moja nilikuwa na daftari lenye majina ya wanunuzi, na kwa mara ya kwanza broka mmoja alikuja mwenyewe dukani kuniuliza habari ya hao wanunuzi. Niliona mlango unafunguka. Nilianza hata kuuliza bei ya mabati.

Jumatano moja, mchana, mtu mzima alinipigia. Alizungumza Kiswahili cha taratibu, cha kuchagua maneno, kama mtu aliye ofisini kwa wakubwa.

"Halo, madam. Mimi nauliza hii nyumba iko kwa karatasi. Ya mabati ya kijani. Bado iko?"

"Hiyo ishauzwa, mzee. Lakini nitakutafutia nyingine nzuri kuliko hiyo."

"Ishauzwa kabisa?"

"Kabisa. Mwenyewe ameshapokea pesa yake."

Hilo la pesa sikuwa nimewahi kulisema. Nililiongeza siku hiyo tu, kwa sababu sauti yake ilikuwa kama ya mtu asiyeamini, na mimi nikishaanza kusema uwongo hupenda kuumaliza. Akanishukuru. Nikaihifadhi namba yake, Mzee Mteja.

Jioni ile mama akapiga. Hakuniita nyara.

"Jumamosi uje nyumbani," akasema kwa Kijaluo. "Saa nne. Na karatasi zako kaziondoe."

"Karatasi gani, Mama?"

Akakata simu. Nilibaki nimekaa. Wateja wa fotokopi walikuwa wamejaa mlangoni, na sikuweza kutoka hata kwenda kulia uani.

Nilikuwa na Alhamisi na Ijumaa. Nilianza Migori na kisu cha jikoni na ndoo ya maji. Gundi yangu ikanicheka. Karatasi ilichanika, lakini haikutoka. Ukivuta kona unabaki na kona. Nilikwangua paa, baraza ikabaki. Nilikwangua baraza, maua yakabaki. Watu walisimama kuniangalia, na mwanamke mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, aliniuliza kama manispaa wameniajiri. Rodi niliwakuta mbuzi wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma wanalamba bango langu moja kwa sababu ya ule muhogo, na siwezi kueleza jinsi nilivyowashukuru. Katika mji mzima hao peke yao ndio walionisaidia. Homa Bay nilifika Ijumaa alasiri, vidole vimechubuka, nikagundua sikumbuki nilibandika wapi na wapi. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno. Hata leo ukipita karibu na soko, kwenye ukuta mmoja, kipande cha paa la kijani bado kipo.

Tangazo la kwenye tovuti nililifuta palepale stendi ya Homa Bay, nimesimama. Angalau hilo lilifutika kwa kidole kimoja.

Jumamosi nilimkuta mama amekaa barazani, baba mdogo amekaa kando yake, na kiti cha tatu kimewekwa mbele yao. Kando ya ukuta niliona kipande cha bati jipya na nguzo ya mkaratusi iliyochongwa ncha. Sikuelewa ni vya nini. Niliwaamkia, wakaitikia. Kabla sijasema lolote, baba mdogo alitoa simu yake kwenye koti, akabonyeza, akaiweka sikioni. Simu yangu ikalia kwenye mkoba. Nikaitoa. Kwenye kioo paliandikwa Mzee Mteja. Nikapokea.

"Halo, madam," akasema kwa Kiswahili, akiniangalia machoni. "Hii nyumba bado iko?"

Maisha yangu yote hajawahi kusema nami Kiswahili. Sisi nyumbani ni Kijaluo tu, Kiswahili ni cha sokoni na cha ofisini, cha watu usiowajua. Ndiyo maana sikumtambua. Niliishika ile simu inaendelea kuhesabu sekunde na sikujua niikate au niiache.

"Siku ile ya Jumatano alikuwa amekaa hapa," mama akasema. "Aliweka sauti kubwa. Nilisikia yote."

Nikaanza kujitetea. Niliongea sana. Nilieleza habari ya mfano, ya rafiki yangu, ya mabroka, ya wateja wanavyokata simu. Nikawaonyesha tovuti, kwamba ile nyumba haimo tena, nimeiondoa kabisa.

"Umeiondoa," baba mdogo akasema, sasa kwa Kijaluo. "Kitu kikishauzwa si ndiyo huondolewa?"

Kila nilichokitoa kunisafisha kiligeuka kunichafua. Kama ningeliiacha, ningekuwa bado nauza. Nimeiondoa, basi nimeuza. Nilimwambia hakuna hati, hakuna mnunuzi, hata kama ningetaka nisingeweza, shamba lina jina la babu. Akasema hicho ndicho alichokuwa akikisema siku zote, kwamba jina la babu ndilo linalolilinda shamba dhidi ya watu kama mimi.

Mama ndipo akanieleza kwamba Alhamisi wanaume wawili walikuwa wamekuja kwa pikipiki kutoka Osiri. Mtu wa Asumbi aliyeliona bango Homa Bay aliitambua nyumba, akawaelekeza. Mama aliwakuta uani na tepu ya kupimia, mmoja ameshika mwanzo wake pale barazani na mwenzake anatembea nayo kuelekea kaburini. Walimsalimu vizuri. Walimwambia wamesikia nyumba ilikuwa imeuzwa, lakini wao wana pesa taslimu, wangeweza kumshinda huyo wa kwanza. Mama alisimulia haya bila kupandisha sauti. Heri angenipiga.

"Uliipiga picha lini?" akaniuliza.

"Jumapili."

"Nikiwa kanisani."

"Ndiyo, Mama."

"Na baba yako ulimweka wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu," nikamjibu.

Aligeuza uso. Kisha baba mdogo akasimama, akalileta lile bati, akalilaza chini mbele ya kiti changu, pamoja na mkebe wa rangi nyekundu na brashi. Nikaelewa. Nimeyaona maandishi hayo kwenye mageti na kuta za nchi hii tangu nikiwa mtoto, kila mahali ambapo mke na mume, au ndugu na ndugu, hawaaminiani. Sikufikiri kwamba siku moja yangeandikwa kwetu, kwa sababu yangu.

"Wewe ndiye unajua kuandika matangazo," baba mdogo akasema. Hakuwa akinikejeli, na hilo liliniuma zaidi. "Andika shamba hili haliuzwi."

Nilipiga magoti nikaandika. Niliandika vizuri, kwa herufi pana, nikiacha nafasi sawa kila upande, kwa sababu mkono umezoea. Katikati ya kazi simu yangu ikalia. Ilikuwa namba nisiyoijua. Nilitaka kuizima.

"Pokea," mama akasema.

Nikapokea. Mtu akaniuliza habari ya nyumba ya paa la kijani. "Haiuzwi," nikamwambia. "Haikuwa ya kuuza hata siku moja."

"Si ungeandika hivyo kwa karatasi, madam," akasema, akakata.

Nikamalizia herufi ya mwisho. Baba mdogo akainama, akasoma taratibu akifuata kwa kidole bila kugusa rangi. Akasema bado kuna nafasi chini.

"Ongeza," akasema. "Wala haligawanywi."

Brashi ikanibaki hewani. Kuuza ni kuuza, hilo nilikuwa tayari kuliandika mara mia. Kugawanya ni jambo lingine. Kugawanya ni ile kona. Ni mawe manne ya mama. Nilimwangalia. Nilijua akisema neno moja tu, lile alilolisema zamani, huyu hauzi, baba mdogo angekunja mdomo na lingekwisha. Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Aliiangalia kwa muda mrefu, na nikamwona jinsi alivyozeeka, mwanamke asiye na mtoto wa kiume, aliyeshindana na shemeji yake kwa ajili yangu, na sasa hana tena cha kumkabili nacho. Nilikuwa nimemnyang'anya lile neno lake moja.

"Andika," akasema.

Nikaandika.

Rangi ilipokauka kidogo, baba mdogo alilipigilia bati misumari kwenye nguzo, akaibeba begani. Hakuna aliyeuliza tunaliweka wapi. Shamba letu lina sehemu moja tu inayoonekana barabarani. Tulitembea wote watatu hadi kwenye kona, na yale mawe manne yalikuwapo, majani yamekatwa vizuri kuyazunguka, maana mama alikuwa akiyapalilia. Baba mdogo alichimba katikati yake. Udongo wa pale ni mweusi na mwepesi, nguzo ilikuwa inalala upande.

"Ishike," mama akaniambia.

Niliishika kwa mikono miwili, bati likiwa juu ya kichwa changu, maandishi yametazama barabara. Baba mdogo alirudishia udongo akaukanyaga, lakini nguzo bado ilicheza. Akasema inahitaji mawe. Akageuka huku na huku kutafuta, na kabla hajaenda mbali mama aliinama akaokota jiwe la kwanza, lile la upande wa barabara, akalisukumia kwenye shimo. Akaenda kwa la pili. Alitembea polepole, kila jiwe akilibeba kifuani kwa sababu ni mazito, na mimi sikuweza kumsaidia kwa kuwa ningeiachia nguzo. Nilishika mpaka la nne likaingia, na hapo haikucheza tena.